Damu ya mlimani, mbio za pwani: mazoezi ya nyanda za juu kwa mwanatriathloni

Asubuhi ya tatu Iten, mji wa wakimbiaji kwenye nyanda za juu za Kenya, rafiki yangu alitoka chumbani akiwa amebana kidoleni kile kidude cha kupimia asilimia ya oksijeni kwenye damu, akaninyooshea mkono nisome. 90. Kwao Nyali, Mombasa, hakijawahi kumwonyesha chini ya 97. Usiku alikuwa ameamka mara nne akidhani pumzi imemkatikia, kichwa kilikuwa kinamgonga, na jana yake bwawani alishika ukuta kabla ya kumaliza mita 200, yeye ambaye baharini huogelea kilomita 2 akipumua kila baada ya mikono mitatu. Alikuwa amekuja kwa wiki tatu kujiandaa na triathloni ya masafa ya Olimpiki: mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio, zote mfululizo, huko huko pwani kwenye joto.

"Kaka, huku oksijeni hakuna," akaniambia.

Ipo. Hewa ya Iten ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Mombasa, sawasawa na ya kileleni Kilimanjaro. Kinachopungua ni shinikizo. Chukua magunia ya sufi yaliyorundikwa ghalani: la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, sufi yake imeshikamana, la juu limelegea na kufura. Hewa ya pwani ni gunia la chini. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na pale shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya lile la ufukweni. Ukivuta pumzi ya ukubwa ule ule, unaingiza mapafuni robo tatu tu ya oksijeni uliyoizoea. Rafiki yangu hakuwa mgonjwa. Mwili wake ulikuwa unapiga hesabu upya.

Hesabu hiyo huanza kwa haraka haraka. Saa za kwanza unahema zaidi na moyo unaenda mbio hata ukiwa umekaa. Kuhema sana kunatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inapoteza uasidi wake wa kawaida, na figo zinalazimika kurekebisha mizani kwa kumwaga baikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, kwenye mkojo. Usingizini mvurugano huo ndio unaoleta zile pumzi zinazokatika na kurudi kwa kishindo. Pamoja na mkojo mwingi na hewa kavu, maji ya damu yanapungua, damu inakuwa nzito. Hapa ndipo wengi hudanganyika: anapima damu siku ya nne, anaona himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, imepanda, anapiga simu nyumbani kwamba mlima umeshajibu. Bado. Chembe ni zile zile, zimepungukiwa na maji ya kuogelea.

Jibu la kweli linatoka kwenye figo. Ndani yake mna chembe zinazohisi upungufu wa oksijeni, na namna zinavyohisi ndiyo kazi iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. Zikihisi upungufu, figo hutoa homoni ya erithropoetini, ambayo wanamichezo wanaijua kwa jina la EPO. Ndani ya siku moja au mbili homoni hiyo hufika kilele chake, inaingia kwenye uboho wa mifupa na kuuamuru utengeneze chembe nyekundu zaidi. Chembe hizo hazitoki siku hiyo. Zinahitaji karibu wiki kukomaa na kuingia kwenye mishipa. Hii ndiyo EPO ile ile ambayo wadanganyifu hujidunga kwa sindano na kufungiwa. Tofauti ni kwamba figo yako haijidungi kupita kiasi, na mlima hauharakishwi.

Kwa hiyo ukiniuliza, nyanda za juu ni dawa. Ina dozi, ina muda wake wa kufanya kazi, ina madhara yake. Na katika triathloni dawa hiyo haifanyi kazi sawa majini, juu ya baiskeli na barabarani, jambo ambalo wanaokwenda Iten kwa kuwaiga wakimbiaji husahau.

Dozi kwanza. Wanaopima himoglobini yote iliyomo mwilini, si ile ya tone la kidoleni, wameona kwamba huongezeka kwa karibu asilimia 1 kwa kila saa 100 unazoishi kwenye mwinuko wa kutosha. Wiki tatu ni saa 504, basi tarajia asilimia 4 au 5 mambo yakienda vizuri. Mwanamume wa kilo 70 aliyezoea mazoezi ana himoglobini kama gramu 900. Nyongeza yake ni gramu 40 hivi, uzito wa vijiko vitatu vikubwa vya sukari. Kidogo? Kwa mtu anayeshindania sekunde, ni nyingi. Lakini unaona kwa nini wikendi mbili za Eldoret hazijengi damu, wala kupanda mlima Jumapili na kurudi kulala chini.

Mwinuko nao una mipaka. Chini ya mita 2,000 msukumo ni hafifu. Juu ya 3,000 usingizi na hamu ya chakula huharibika kiasi kwamba unachopata kwenye damu unakipoteza kwenye misuli. Ndiyo maana kambi mashuhuri zimekaa katikati: Sierra Nevada ya Hispania kwenye mita 2,320, Flagstaff ya Marekani kwenye 2,100, na Iten yetu. Font-Romeu ya Ufaransa, kwenye 1,850, iko chini kidogo ya mstari huo, ila nayo ina historia yake: ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968.

Mexico City iko mita 2,240, na michezo ile iliufundisha ulimwengu kwa ukali kile ambacho watu wa nyanda za juu walikuwa nacho bila kukijua. Kwenye mita 10,000, Naftali Temu wa Kenya alishinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Rekodi ya dunia wakati huo, ya Ron Clarke wa Australia, ilikuwa 27:39.4. Mshindi alikuwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika moja na sekunde 48! Clarke mwenyewe alimaliza wa sita, akaanguka na kupoteza fahamu. Kipchoge Keino wa Kenya akamwacha Mmarekani Jim Ryun mbali kwenye mita 1,500. Siku hizo hizo, kwenye uwanja huo huo, Bob Beamon wa Marekani aliweka rekodi ya dunia ya kuruka mbali, mita 8.90, kwa kuwa mwili unaoruka hauhitaji pumzi, unahitaji hewa nyepesi ya kupita. Hewa moja inamuua mmoja na kumbeba mwingine. Mwanatriathloni hukutana na sura zote mbili katika siku moja ya mazoezi.

Tuanze majini, maana ndiko kunakouma zaidi. Mkimbiaji akiishiwa pumzi anahema atakavyo. Muogeleaji hawezi: pumzi yake imefungwa kwenye mzunguko wa mkono. Ukimwongezea upungufu wa oksijeni, anachofanya bila kujua ni kuinua kichwa kupata hewa. Kichwa kikiinuka kiuno kinazama, kiuno kikizama miguu inakuwa nanga. Nilimtazama rafiki yangu kutoka ukingoni. Mita 50 za kwanza mkono ulikuwa unaingia majini mbele ya bega, kiwiko juu, safi. Kufika mita 125 mkono ulikuwa unavuka mstari wa kichwa, shingo imekaza, anapumua kila mkono wa kulia, na kila pumzi mdomo unafunguka mapema ukiwa bado majini. Hayo si mazoezi ya mapafu, ni kujifundisha kuogelea vibaya. Tulikata masafa yake: mita 50, pumziko refu, mita 50 tena, na kasi akaiacha hadi wiki ya pili. Jumla ya mita ilipungua, umbo likabaki. Na kama huna bwawa la uhakika karibu na unapolala, fikiri mara mbili kabla ya kwenda. Kule Sierra Nevada kambi ina bwawa la mita 50 ndani ya jengo. Kwetu mabwawa ya mwinuko huo ni machache, na wiki tatu bila maji zinaweza kukugharimu majini zaidi ya unachopata kwenye damu.

Baiskeli inadanganya kwa upande wa pili. Kwenye mita 2,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20, na adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni hewa. Kwa hiyo kasi inabaki nzuri wakati moyo uko juu na miguu inatoa nguvu kidogo kuliko kawaida. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, alilijua hilo alipokwenda Mexico City mwaka 1972 kuweka rekodi ya umbali wa kuendesha kwa saa moja, kilomita 49.431. Wewe ukiitazama kasi peke yake utasema umeimarika, kumbe nguvu imeshuka. Mwenye kipimo cha wati kwenye pedali akitazame hicho, naye ategemee wati zake za kazi ngumu zishuke kwa zaidi ya asilimia 10 siku za mwanzo. Asiye nacho apime kwa moyo na kwa mazungumzo: siku ya mwendo mwepesi, ukishindwa kumaliza sentensi ndefu, punguza.

Na kwenye kukimbia, kwa mtu wa dakika 4 kwa kilomita ufukweni, ongeza sekunde 15 au 20 na usione haya. Barabara nyekundu za Iten zina makundi yanayopita kwa kasi ya kukuvunja moyo, vijana waliozaliwa hapo. Kuwafuata siku ya tatu ni njia fupi ya kurudi nyumbani na jeraha. Wanatriathloni wa Norwe, Kristian Blummenfelt aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na Gustav Iden aliyeshinda ubingwa wa dunia wa Ironman, triathloni ya masafa marefu, huko Kona, Hawaii, mwaka 2022, hupiga kambi ndefu Sierra Nevada, na sehemu kubwa ya kazi yao kule ni kujizuia: wanatobolewa kidole au sikio katikati ya mazoezi, lakteti, alama ya damuni kwamba misuli inazidiwa, inapimwa, ikizidi wanapunguza mwendo. Watu wenye injini kubwa kuliko wote ndio wanaoogopa kuizidisha.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kambi nyingi zinapoharibikia. Himoglobini hutengenezwa kwa madini ya chuma. Uboho ukiamriwa kuongeza kazi huku ghala halina chuma, amri inabaki maneno. Ghala hilo hupimwa kwa feritini, kipimo cha damu ambacho maabara za miji mikubwa hufanya, na kinatakiwa kufanywa wiki nne au sita kabla ya safari, ukiwa na nafasi ya kurekebisha. Wanawake wanaopata hedhi na wasiokula nyama ndio mara nyingi hukutwa wamepungukiwa. Vidonge vya chuma visimezwe kwa kubahatisha. Chuma ikizidi mwilini huharibu ini, na daktari ndiye aseme kiasi.

Halafu kuna chai. Nasema hili kwa upendo, maana na mimi siku yangu haianzi bila kikombe. Majani ya chai yana tanini, nayo hushikana na chuma ya mboga na maharagwe tumboni isiweze kufyonzwa. Maziwa nayo, kwa kalisi yake, huongeza kizuizi. Sasa tazama meza ya kambi: maharagwe, sukuma wiki, ugali, na birika la chai ya maziwa linazunguka pale pale mlo ukiendelea. Chuma yote ya sahani ile inasindikizwa nje. Isogeze chai saa moja au mbili baada ya mlo, mezani weka chungwa, embe au kachumbari yenye ndimu, kwa kuwa vitamini C hufungua mlango ule ule ambao chai inaufunga. Ini mara moja kwa wiki, dagaa, nyama. Rafiki yangu alilalamika kuhusu chai kuliko alivyolalamika kuhusu pumzi.

Kuna tahadhari mbili ambazo vitabu vya kambi za Ulaya havizisisitizi, na sisi tunapaswa kuzisema kwa sauti. Pwani na kanda ya Ziwa wako wengi waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawaumwi, wengine hawajui kabisa. Lakini mwinuko ukichanganyika na mazoezi makali unaweza kufanya chembe zao zijikunje na kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ukiwa mlimani, si kichomi cha kupuuza: ni hospitali siku hiyo hiyo, na kushuka. Kipimo cha kujua hali yako ni cha mara moja maishani. Kifanye kabla ya kupanda. Ya pili ni malaria. Mtu anaumwa na mbu Mombasa au Kisumu, anapanda mlimani akiwa mzima, homa inamkuta siku ya kumi, na kambi nzima inasema ni mwinuko. Mwinuko hauleti homa. Ukipata joto, pima.

Je, inafanya kazi kweli? Mwaka 1997 watafiti wa Marekani Benjamin Levine na James Stray-Gundersen walichapisha utafiti uliobadilisha kambi zote: wakimbiaji walioishi mita 2,500 lakini wakashuka hadi 1,250 kufanya mazoezi waliboresha muda wao wa mita 5,000 kwa wastani wa sekunde 13 hivi; walioishi na kufanya mazoezi juu tu na waliobaki chini tu hawakufikia hapo. Lala juu, fanya kazi chini. Ni wazo lenye mantiki: damu inajengwa ukiwa umelala, misuli inajengwa ukiwa na hewa ya kutosha kuikaza. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Uswisi wakawafungia waendesha baiskeli vyumbani kwa wiki nne, wengine kwenye hewa ya mita 3,000 ya kutengenezwa, wengine kwenye hewa ya kawaida, na hakuna aliyeambiwa yuko wapi. Tofauti haikuonekana. Maana yake kwangu si kwamba mlima ni uongo. Watu hutofautiana: mwingine figo zake huitika kwa nguvu, mwingine kidogo sana. Na sehemu ya kinachoitwa mlima ni kambi yenyewe: wiki tatu bila kazi ya ofisi, bila foleni, unalala kwa muda wa saa tisa kila usiku, unakula kwa wakati. Kwa mwenye kazi na familia anayefanya mazoezi saa saba kwa wiki, ningemshauri atafute kwanza usingizi huo na mwalimu wa kuogelea. Hapo kuna dakika, mlimani kuna sekunde.

Kwa aliyekwisha kuamua, Iten ina zawadi ambayo Levine alilazimika kuitafuta. Ukisimama ukingoni pa bonde la Kerio, chini yako kuna zaidi ya mita 1,000 za mteremko. Barabara ya Tambach inakushusha kwa gari, chini ya saa moja, hadi kwenye joto la bondeni, hewa nzito, embe zimejaa mitini. Mara mbili kwa wiki tulishuka na baiskeli nyuma ya gari, akafanya kazi yake kali kule chini, wati zake zikamrudia, tukapanda kulala juu. Na lile joto la bondeni lilikuwa nusu ya sababu.

Maana triathloni yake ilikuwa pwani, na mlima una baridi. Mwili uliozoea asubuhi za nyuzi 12 haujui kutoa jasho la Mombasa. Mwili huzoea joto kwa siku 7 hadi 14, na katika siku hizo maji ya damu, yale yaliyopungua mlimani, hurudi na kuzidi. Makocha wengi husema shindana ndani ya siku mbili tatu baada ya kushuka, au subiri zipite wiki mbili, kwa sababu katikati hapo wengi huwa wazito huku pumzi na maji ya damu vikijipanga upya. Nyongeza ya himoglobini hudumu wiki mbili tatu hivi kabla mwili haujaanza kuipunguza. Kwa mkimbiaji wa mji wa baridi njia zote mbili zinawezekana. Kwa mwanatriathloni anayeshindana kwenye joto na chumvi, mimi naona moja tu: ashuke siku 14 au 15 kabla, azoee joto, arudi kwenye mawimbi, ajifunze tena kutazama boya.

Mzaliwa wa Iten, Kapchorwa, Njombe au Mbulu anapaswa kuisoma makala hii kinyumenyume. Damu anayo. Anayohitaji ni bahari na joto, na wiki tatu zake za kambi azipeleke Diani au Bagamoyo.

Asubuhi ya mwisho kidude kilisoma 95. Tulimsindikiza hadi kituoni Eldoret, baiskeli imefungwa kwa mablanketi. Siku ya sita alipiga simu amekata tamaa: miguu mizito, joto linamchoma, pengine wiki tatu zimepotea. Nikamuuliza ni siku ya ngapi tangu ashuke, akahesabu, akanyamaza. Siku ya kumi na tatu aliniandikia ujumbe alfajiri, kabla hata hajajifuta maji: "Mikono mitatu, pumzi moja, mpaka boya la mwisho na kurudi. Sasa naenda kunywa chai."